Ndege na njaa: Yaliyofichwa katika madaftari ya watoto wa Ireland

MNAMO mwaka 1937 watoto wa shule za msingi nchini Ireland walipewa kazi ya nyumbani ambayo mimi, kwa miaka yote niliyofundisha fasihi simulizi, sijaona iliyoishinda. Badala ya zile insha zetu za kawaida za darasani, waliambiwa waende nyumbani wakakae na babu, nyanya na majirani wazee, wawaulize maswali, wasikilize, kisha waandike walichosikia.

Mpango huo ulibuniwa na Tume ya Mapokeo ya Ireland, asasi iliyoundwa mwaka 1935 chini ya uongozi wa Séamus Ó Duilearga. Mtunza nyaraka wa tume hiyo, Seán Ó Súilleabháin, aliandaa kijitabu cha mwongozo chenye mada 55, nao Wizara ya Elimu na chama cha walimu wakakubali kushirikiana naye. Kufikia 1939, watoto zaidi ya 50,000 kutoka shule zipatazo 5,000 walikuwa wamejaza kurasa takriban 740,000. Wengi wao walikuwa wa darasa la tano na la sita, wa umri wa miaka 11 hadi 14. Waliohojiwa walikuwa wazee wa miaka sabini na themanini, na wazee hao walilelewa na watu walioiona kwa macho yao ile njaa kuu ya 1845 hadi 1852. Kwa hivyo, kati ya kalamu ya mtoto na janga lenyewe kulikuwa na msimulizi mmoja au wawili tu.

Mada zilitolewa moja moja. Wiki hii mtoto aliandika kuhusu mizimu na majumba yaliyobomoka. Wiki nyingine kuhusu tiba za mitishamba, michezo, hali ya hewa, uhunzi. Kulikuwa na mada ya ndege wa pale kijijini: majina yao, viota vyao, mayai yao, wanatabiri nini. Na kulikuwa na mada ya nyakati za njaa. Kijitabu kilizitenganisha mada hizi mbili, nami pia, kwa muda mrefu, nilizisoma zikiwa zimetengana. Hilo lilikuwa kosa, na makala haya ni namna yangu ya kulikiri.

Sababu ya mimi kuitafuta njaa ya Ireland ilikuwa mtu. Katika miaka ya sabini, nikiwa shule ya bweni, tulifundishwa Jiografia na padri mmoja kutoka magharibi mwa nchi hiyo. Alikuwa mpole na mcheshi, na Kiswahili chake kilituvunja mbavu: kila kitu kwake kilikuwa cha ngeli ya A-WA, hata ubao. Mambo mawili tu ndiyo yaliyomgeuza sura. La kwanza ni maganda ya viazi. Mwanafunzi aliyeadhibiwa kwa kumenya viazi jikoni alistukia tu padri yuko nyuma yake, ameokota ganda, analipima unene kwenye mwanga wa dirisha. Likiwa nene, alimrejeshea mwanafunzi mkononi bila kusema neno. Tukambandika jina, Bwana Maganda. Jambo la pili ni mbayuwayu. Ikifika Oktoba, siku ya kwanza alipowaona wamejipanga kwenye nyaya za stima, alikatiza somo, akaenda dirishani na kusema, "Wamefika." Kisha tukaendelea na mito ya Ulaya. Kuhusu njaa hakutuambia lolote, hata tulipofika kwenye somo la idadi ya watu duniani, ambapo Ireland haiepukiki.

Miaka ya tisini nilipata fursa ya kukaa Dublin kwa miezi michache, na nikaenda kusoma zile juzuu za watoto katika University College Dublin. Wakati huo hazikuwa kwenye intaneti kama zilivyo leo. Nilikwenda kutafuta njaa, si ndege. Kila nilipokutana na orodha ya viota na mayai nilifunua kurasa nikapita, kama mtu anayetafuta habari kuu na kuruka ukurasa wa michezo.

Tatizo ni kwamba habari kuu haikuwa na mengi. Si kwamba watoto hawakuandika. Waliandika, lakini mara nyingi ni mistari michache, na ndani ya mistari hiyo kuna kauli inayojirudia kutoka kaunti hadi kaunti: njaa ilikuwa kali, ndiyo, lakini si hapa kwetu, ilikuwa kali kule parokia ya pili. Ukienda kwenye juzuu za parokia ya pili, unaambiwa ilikuwa kali kule ya tatu. Wanahistoria wa Ireland, akiwemo Cormac Ó Gráda, wameliona jambo hili na kulijadili. Njaa ile iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni moja kuvuka bahari. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8.2, ile ya 1851 ilihesabu milioni 6.6. Hata leo, ukijumlisha Jamhuri na Ireland ya Kaskazini, kisiwa kizima hakijarejea idadi ya 1841. Njaa ya kiwango hicho haiwezi kuwa ya parokia ya pili tu.

Kwa nini basi wazee waliisukuma kwa jirani? Aibu ni jibu moja, na aibu hiyo ina historia yake. Mwaka 1847 Bunge la Uingereza lilipitisha kifungu kilichomnyima msaada yeyote aliyeshikilia zaidi ya robo ekari ya ardhi. Mtu alilazimika kuchagua kati ya shamba na uji wa watoto. Walioachia mashamba waliondoka au wakafa, na mashamba hayo hayakubaki matupu. Mara nyingine aliyeyachukua alikuwa jirani aliyekuwa na nguvu kidogo zaidi. Mjukuu wa jirani huyo ndiye aliyeketi kando ya moto mwaka 1938 akiulizwa na mtoto: Babu, wakati wa njaa ilikuwaje hapa? Nani angejibu kwa raha?

Lugha yenyewe inasita. Kiairishi kina jina rasmi la janga hili, *An Gorta Mór*, yaani Njaa Kuu. Lakini vijijini watu walitumia zaidi neno *Drochshaol*. *Droch* ni kiambishi kinachobeba maana ya ubaya, na *saol* ni maisha, au ulimwengu, au zama. Maisha mabaya. Zama mbaya. Katika neno hilo hakuna njaa wala mtu aliyekufa njaa. Wakamba wa hapa kwetu waliipa njaa ya 1898 na 1899 jina Yua ya Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali. Jina hilo halimwachii mtu parokia ya pili ya kusingizia. *Drochshaol* linamwachia.

Naam, siku moja nikiwa nimechoka kutafuta nisichokipata, nilianza kuzisoma zile kurasa za ndege nilizokuwa nikiziruka. Na hapo ndipo nilipoikuta njaa.

Hebu tuanze na kalenda. Kabla ya 1845, watu wapatao milioni tatu nchini Ireland walitegemea viazi karibu kwa chakula chao chote. Mwanamume mfanyakazi aliweza kula hadi kilo sita kwa siku, pamoja na maziwa ya mgando akiyapata. (Kwa wapenzi wa asili ya maneno: *práta* la Kiairishi na mbatata letu ni ndugu wa mbali. Yote mawili yanatokana na *batata*, neno la visiwa vya Karibi, moja likapitia kwa Wahispania na Waingereza, jingine kwa Wareno.) Ubaya wa kiazi ni kwamba hakikai ghalani kama mahindi au mtama. Kinachovunwa vuli kinaanza kuharibika majira ya kuchipua, na ikifika Juni na Julai shimo la viazi ni tupu huku vipya havijakomaa. Mwezi huo wa saba ulikuwa na jina lake, *Iúil an Chabáiste*, Julai ya Kabeji, kwa sababu kabeji ndiyo iliyobaki. Familia za maskini zilifunga mlango na kutoka barabarani kuomba, mama na watoto, hadi viazi vipya vitakapokuwa tayari. Haya yalifanyika kila mwaka, hata mwaka wa mavuno mema.

Sasa tazama ndege wanaotawala simulizi za majira hayo. Kekeo, yule ndege anayetaga katika kiota cha mwenzake, hufika Ireland Aprili. Watu waliposikia sauti yake ya kwanza walisikiliza ilitokea upande upi: sikio la kulia ni heri, la kushoto ni balaa. Kipindi cha baridi na upepo kinachoangukia mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei kiliitwa *garbhshíon na gcuach*, hali mbaya ya hewa ya kekeo. Msomi wa mjini akisoma hayo husema, ushirikina mtamu. Mwenye shimo la viazi linalokaribia kwisha haoni utamu hapo. Baridi ya Mei ikizidi, viazi vitachelewa, na Julai ya Kabeji itaingia hadi Agosti. Kekeo alikuwa saa ya ukutani ya nyumba isiyokuwa na saa, na saa hiyo ilihesabu siku zilizobaki kabla ya chakula kwisha.

Ndivyo ilivyo kwa mbayuwayu pia. Watoto wengi waliandika kwamba akiruka chini chini mvua inakuja. Jambo hilo lina msingi, kwani wadudu anaowala hushuka hewa inapokuwa nzito. Lakini mvua kwa watu hawa haikuwa suala la kuchukua mwavuli. Ugonjwa ulioua viazi mwaka 1845 unasababishwa na kiumbe mdogo kama kuvu, *Phytophthora infestans*, anayestawi na kusambaa panapokuwa na unyevu na joto la wastani. Wazee wa 1845 hawakujua jina la kiumbe huyo, ila walijua kwamba majira yale yalikuwa ya unyevunyevu, na kwamba shamba lililolala la kijani liliamka jeusi na kunuka. Watoto wao na wajukuu wao waliendelea kuwatazama mbayuwayu.

Kisha kuna mambo ambayo mtoto aliyaandika bila kujua anaandika nini. Aliorodhesha mayai: haya ya rangi ya samawati yenye madoadoa, haya meupe, haya makubwa ya ndege wa baharini. Na katikati ya orodha akaongeza kwamba ya ndege fulani yanalika. Alieleza mtego wa vijiti uliosukwa kama paa la kibanda, ukaegemezwa juu ya kijiti kimoja, chini yake makombo machache. Theluji ikianguka, ndege wenye njaa walikuja, mtego ukawaangukia. Mwenzangu yeyote aliyelelewa mashambani, aliyetega ndege kwa ulimbo au kwa tanzi la manyoya ya mkia wa ng'ombe, ataitambua furaha ya mtoto yule. Lakini mtoto hujifunza mtego kutoka kwa mtu. Na ukimuuliza mzee aliyemfunza yeye alijifunza wapi, na yule wa kabla yake, unafika mahali ambapo mtego haukuwa mchezo. Mapokeo mengine ya njaa yaliyokusanywa na tume hiyo hiyo mwaka 1945, wakati wa kutimiza karne moja tangu janga hilo, yanataja vyakula vya kuokoa maisha: viwavi, mwani, chaza wa miambani, magugu ya mashamba, na ndege wa porini pamoja na mayai yao. Aliyesema katika mada ya njaa kwamba hapa kwetu haikuwa kali, alishasema katika mada ya ndege ni mayai yapi yanalika.

Pwani na visiwani ndege walikuwa chakula waziwazi. Karne ya 12 mwandishi wa Wales aliyejulikana kama Giraldus Cambrensis alitembelea Ireland na kuandika, kwa uso mkavu kabisa, kwamba kuna bata bukini wanaozaliwa na magogo yanayoelea baharini, na kwamba maaskofu na watawa wa sehemu fulani waliwala wakati wa mfungo kwa sababu, eti, si nyama. Wasomi hupenda kulicheka jambo hilo. Mimi huona mtu mwenye njaa akitafuta kifungu cha sheria.

Mfano ulionishika zaidi haukutoka kwa watoto bali katika kitabu cha mtu mzima, Tomás Ó Criomhthain, mvuvi wa kisiwa cha An Blascaod Mór katika kaunti ya Kerry, ambaye tawasifu yake *An tOileánach* ilichapishwa mwaka 1929. Wakazi wa kisiwa hicho hawakuwahi kufika hata mia mbili. Waliishi kwa samaki, sungura, viazi, na ndege wa baharini waliowatoa kwenye miamba mirefu kwa kupanda na kushuka kwa mikono. Ó Criomhthain alijifunza kuandika Kiairishi akiwa mtu mzima, na anaandika kuhusu vifo vya watoto wake kwa maneno machache ya kutisha. Maradhi yaliwachukua kadhaa. Mmoja alizama. Na mwanawe mkubwa, alipokuwa sasa anaanza kuwa wa msaada kwa baba yake, alikwenda na mwenzake kutoa kinda la ndege wa baharini kwenye jabali, akaanguka, akafa.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Kwa mtoto wa mjini kinda la ndege ni kitu cha kufuga. Kwa mtoto wa kisiwa kile lilikuwa ni pambo, ni rafiki, ni nyama, na ni kaburi, vyote kwenye ukingo mmoja wa mwamba. Mwaka 1953 serikali iliwahamisha wakazi wachache waliosalia, na kisiwa kikabakia cha ndege na sungura.

Sitaki msomaji adhani kila ndege wa Ireland amebeba jeneza. Kuna dreoilín. Huyu ni kidege cha rangi ya udongo, uzito wake kama gramu kumi, mkia umesimama wima kama wa jogoo mwenye kiburi. Padri wetu alitusimulia kisa chake Ijumaa moja, na tulikipokea kana kwamba ni cha kwetu, maana kwetu Sungura hafanyi kingine. Ndege walishindana nani ataruka juu zaidi awe mfalme. Tai akawashinda wote, na alipochoka, dreoilín aliyekuwa amejificha katika manyoya yake akatoka, akapanda kidogo zaidi, akatwaa ufalme. Watafiti wa ngano wanakijua kisa hiki katika nchi nyingi na wamekipa nambari yake, 221. Kamusi ya kale ya Kiairishi, *Sanas Chormaic*, inayohusishwa na Cormac mac Cuilennáin, askofu na mfalme wa Cashel aliyekufa mwaka 908, inalieleza jina la ndege huyu kuwa ni muungano wa *druí* na *én*: ndege wa wapiga ramli. Wanaisimu wa leo wanaitilia shaka asili hiyo, lakini inaonyesha watu walimwonaje.

Na mfalme huyu, kila tarehe 26 Desemba, aliwindwa na kuuawa. Vijana walimfunga kwenye tawi la mti wa majani yenye miiba, wakavaa majani makavu na nyuso za bandia, wakazunguka nyumba hadi nyumba wakipiga muziki na kuomba pesa za kumzika. Kosa lake? Msaliti. Askari wa Ireland walikuwa wakimnyemelea adui usiku, dreoilín akatua juu ya ngoma, akadonoa makombo, adui akaamka. Kuna wanaosema adui alikuwa Wadenmaki. Wengine husema ni jeshi la Cromwell. Utambuzi wangu ni huu: ndege aliyewaangamiza wenzake kwa sababu ya makombo machache si mhusika aliyebuniwa na watu walioshiba. Na wale waliozunguka na maiti yake katikati ya majira ya baridi wengi wao walikuwa vijana wasio na ardhi, ambao siku 364 nyingine wangeaibika kubisha mlango wa jirani wakiomba. Desturi ile iliwapa kinyago cha kuombea. Leo, mjini Dingle, bado wanasherehekea, ila ndege hauawi tena.

Kuna ndege aliyelaumiwa kwa kuja tu. Yule kunguru wa rangi mbili, nyeusi na nyeupe, mwenye mkia mrefu, hakuwako Ireland zamani. Alionekana kwanza Wexford yapata 1676, robo karne hivi baada ya vita vya Cromwell vya 1649 na 1650, na wananchi wakaunganisha mambo: walisema alikuja na Waingereza, na kwamba wao hawataondoka hadi yeye aondoke. Bado yuko, tena kwa wingi. Katika kaunti za kusini mashariki, neno *badhbh*, ambalo ni jina la kunguru na la mungu wa kike wa vita katika fasihi ya kale, lilitumika kumwita yule jini wa kike anayelia usiku mtu wa ukoo anapokaribia kufa. Hilo linatosha. Ukijua kwamba mwaka 1847 kuna maiti zilizolala kandokando ya barabara bila wa kuzizika, huhitaji kuelezwa zaidi kuhusu kunguru.

Nimesema mengi mazuri ya madaftari yale, na haki inanidai niseme na mapungufu yake. Walimu waliwasahihisha watoto, na mara nyingine walisahihisha hadi sauti ya mzee ikapotea. Kuna watoto walionakili kutoka vitabuni. Mwalimu yeyote atawatambua kwa mstari wa pili. Sehemu kubwa iliandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu njaa iliua zaidi magharibi ambako Kiairishi kilizungumzwa. Sensa ya 1851, ya kwanza kuuliza swali la lugha, ilipata wazungumzaji milioni 1.5 tu, na waliosafiri Marekani waliwafunza watoto wao lugha ya kule waendako. Hata hivyo, katika insha nyingi za Kiingereza jina la ndege limebaki la Kiairishi, limeandikwa kwa tahajia ya kubahatisha ya mtoto anayefuata sikio lake. Lugha ilipokufa kijijini, ndege walikuwa miongoni mwa wa mwisho kuitwa kwayo.

Ndege ninayempenda kuliko wote katika kurasa hizo ni traonach. Ni ndege wa nyasi ndefu, anasikika zaidi kuliko anavyoonekana, na usiku wa kiangazi alikuwa akikwaruza sauti yake ya vipande viwili mashambani hadi watu wakakosa usingizi. Watoto waliambiwa kwamba analia hivyo akiwa amelala chali, miguu juu, kwa sababu ndiye anayeishikilia mbingu isianguke. Mashine za kukata nyasi zilimmaliza karne iliyopita, na sasa amebaki sehemu chache za magharibi, kama vile Donegal, Mayo na visiwa vyake. Wazee hawakuamini kwamba kiumbe anayeruka kizembe vile, miguu ikining'inia, anaweza kuvuka bahari. Walisema hugeuka ndege mwingine majira ya baridi. Kumbe huja Afrika. Jamii yake hupita hata hapa Kenya ikielekea kusini.

Nikiwa Dublin nilipiga hesabu ambayo ilinichelewesha kulala. Padri wetu alizaliwa 1925. Mwaka 1937 alikuwa na miaka 12, yaani umri ule ule. Alikuwa mmoja wa watoto walioambiwa waende wakawaulize wazee. Nilitafuta juzuu ya shule ya kijijini kwao. Jina lake sikuliona. Labda alikuwa mgonjwa wiki zile, au daftari lake halikuteuliwa kunakiliwa. Lakini nilimwona mwanafunzi mwenzake, aliyejaza kurasa mbili na nusu kwa ndege, mitego na mayai, na chini ya kichwa cha njaa akaandika mistari minne: kwamba haikuwa kali hapa.

Padri alikuwa ameshafariki. Niliporudi nyumbani nilisoma kuhusu safari za mbayuwayu, na nikagundua kwamba wale wa Ireland, kwa wingi wao, hupitia upande wa magharibi na wa kati wa Afrika hadi Afrika Kusini. Waliokuwa kwenye nyaya zetu yamkini walitoka mbali upande wa mashariki mwa Ulaya, au Urusi. Padri alifundisha Jiografia miaka thelathini, na nina hakika alilijua hilo. Aliendelea tu kwenda dirishani.

Mwaka huu walifika kwenye nyaya za mbele ya nyumba yangu wiki ya pili ya Oktoba.